Kunyanyua Uzito kwa Anayeanza: Mafunzo ya Jimu na ya Ghala la Mpunga katika Bonde la Kilombero

Kila mwaka, mvua za masika zikikatika na mpunga wa Bonde la Kilombero ukianza kuvunwa, mashine za kukoboa za Ifakara hujaa magunia, na vijana wenye nguvu hupata kibarua cha kuyapakia kwenye malori. Jioni, baadhi ya vijana hao, pamoja na wanafunzi, madereva wa bodaboda na watumishi wa ofisi, huenda jimu. Jimu nyingi za miji midogo ya nchi yetu ni chumba kimoja cha bati au uwanja wa nyuma ya nyumba: benchi la mbao, bomba la chuma lililochomelewa na fundi wa mtaani, na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Vifaa vya namna hiyo si kasoro. Misuli haijui kama uzito umetoka kiwandani au kwa fundi. Kinachokosekana aghalabu ni mtu wa kumwelekeza anayeanza.

Makala haya yamekusudiwa watu wa aina tatu: anayetaka kuanza kunyanyua vyuma, mkufunzi anayempokea, na mhudumu wa afya atakayemwona akiumia. Hoja yake kuu ni moja. Anayeanza huumia hasa kwa sababu uzito huongezwa upesi kuliko mwili na mbinu vinavyoweza kufuata. Kwa hiyo, kosa la mkao linapoonekana, jambo la kwanza ni kupunguza uzito, ndipo maneno ya kurekebisha yafuate.

Uzito kama tiba

Wapo wanaodhani kwamba kunyanyua vyuma ni anasa ya vijana wanaopenda kioo. Historia ya tiba inasema vingine. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alichapisha taarifa ya namna alivyowarudishia nguvu askari waliojeruhiwa magoti na mapaja kwa kuwanyanyulisha uzito mkubwa uliopimwa na kuongezwa hatua kwa hatua. Kabla yake, majeruhi wa aina hiyo walipewa mazoezi mepesi yaliyorudiwa mara nyingi mno. Utaratibu alioukamilisha baadaye pamoja na mwenzake Arthur Watkins ulikuwa rahisi: mgonjwa hutafutiwa uzito anaoweza kuunyanyua mara 10 tu, kisha hunyanyua nusu yake mara 10, robo tatu yake mara 10, na mwisho uzito wote mara 10. Nguvu ikiongezeka, uzito nao huongezwa.

Leo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wote kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, licha ya mwendo au mazoezi mengine ya kati ya dakika 150 hadi 300. Mazoezi ya nguvu husaidia kudhibiti sukari mwilini, huimarisha mifupa, na humkinga mzee asianguke.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya juu ya wanawake wa Kijaluo, wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikikuyu, wanaoibeba mgongoni kwa ukanda uliopitishwa kwenye paji la uso. Watafiti waligundua kuwa wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Askari waliojaribu kubeba mizigo ya begani hawakuweza hivyo. Wanawake hao walikuwa wamebeba mizigo tangu utotoni, mzigo ukikua kadiri mwili ulivyokua. Kinachofaa kuigwa na jimu ni ule upole wa safari, si mzigo wenyewe.

Kwa nini mgongo huelemewa

Uti wa mgongo hufanya kazi kama mkono wa mizani. Misuli inayousimamisha iko karibu sana nao, wastani wa sentimita 5 nyuma ya kiini cha pingili. Mzigo huwa mbele, mbali zaidi. Tuchukue mzigo wa kilo 20. Ukishikwa sentimita 40 mbele ya uti wa mgongo, misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu inayolingana na kilo 160 ili kuusawazisha. Mzigo huohuo ukivutwa hadi sentimita 20, nguvu hiyo hushuka hadi kilo 80. Hesabu hii ni ya makadirio, na haikuhesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe kilichoinama, lakini yatosha kuonyesha kwamba umbali wa mzigo una uzito wake. Ndiyo sababu mpakiaji mzoefu hulikumbatia gunia, na mnyanyuaji stadi hukipitisha chuma karibu kabisa na miguu.

Jambo la pili ni kasi ya mwili kubadilika. Katika wiki chache za mwanzo, mtu huongezeka nguvu hasa kwa kuwa mishipa ya fahamu imejifunza kuiamrisha misuli vizuri zaidi. Misuli yenyewe hunenepa baadaye, na kano huchelewa zaidi. Kwa hiyo mwezi wa kwanza ni kipindi cha hatari kilichojificha: anayeanza hujiona ana nguvu mpya kila wiki, ilhali kano zake zingali zilezile. Hapo ndipo hushindana na rafiki yake aliyetangulia mwaka mzima.

Makosa yanayoonekana mara kwa mara

Katika kuchuchumaa na chuma mabegani, visigino hunyanyuka sakafuni, magoti huangukiana ndani, na mgongo hujikunja mtu anapofika chini. Mkao ufaao ni huu: nyayo ziachane kwa upana wa mabega, vidole vielekee nje kidogo, magoti yafuate uelekeo wa vidole, na uzito ukae katikati ya unyayo. Wakufunzi wengi hukataza goti lisipite mbele ya vidole kabisa. Katazo hilo halina msingi imara. Mtu mwenye mapaja marefu akizuiwa hivyo hulazimika kuinama mno, na mzigo uliokwepa goti huhamia nyonga na mgongo.

Katika kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kosa kubwa ni kukiacha chuma mbali na miguu na kukinyakua ghafla. Mnyanyuaji asogee mpaka chuma kikaribie kugusa miguu, akishike, avute pumzi, akaze tumbo, kisha asimame kwa kuisukuma ardhi. Nyonga na mabega vipande pamoja. Nyonga zikitangulia kupanda, uzito umezidi.

Katika kusukuma chuma mtu akiwa amelala chali, kosa linaloweza kuua ni kuwa peke yake. Chuma kikimshinda, humwangukia kifuani au shingoni. Pawepo mtu wa kusimama kichwani pake, na vidole gumba vizunguke chuma. Bomba la kienyeji lisilo na vibano likaguliwe kabla ya kila seti, kwani kopo moja likichomoka upande mmoja, chuma chote hupinduka.

Kazi ya mkufunzi

Mkufunzi mwema huanza kwa maswali. Anayeanza amewahi kuambiwa ana shinikizo la juu la damu? Ana selimundu, au ana ndugu mwenye selimundu? Amepona homa wiki hii? Anafanya kazi gani mchana? Kijana aliyepakia lori tangu asubuhi amekwisha fanya mazoezi ya mgongo kwa siku hiyo, na kumwongezea chuma jioni ni kumchosha bure. Siku za upakiaji afundishwe mbinu tu kwa uzito mwepesi, au apumzike.

Somo la kwanza halihitaji chuma. Mpini wa jembe watosha. Anayeanza aushike wima mgongoni, uguse kisogo, katikati ya mabega na mwisho wa mgongo juu ya makalio. Kisha ainame kwa kurudisha nyonga nyuma, magoti yakilegea kidogo, bila mpini kuachana na hata sehemu moja kati ya hizo tatu. Akiweza mara 10 kwa utulivu, amekwisha jifunza kuinama kwa nyonga badala ya kiuno. Kuchuchumaa nako kuanze na kiti kifupi au kigoda: akae, ainuke, mpaka asihitaji kigoda.

Uzito wa mwanzo uwe ule anaoweza kuunyanyua mara 10 hadi 15 huku akihisi angeweza kuongeza mara 2 au 3 nyingine. Siku 2 hadi 3 kwa wiki, zisizofuatana, zinamtosha. Akiweza kuzidisha mara 1 au 2 juu ya idadi iliyopangwa katika vipindi viwili mfululizo, aongezewe asilimia 2 hadi 10. Kwa chuma cha kilo 20, nyongeza hiyo haizidi kilo 2. Chupa za maji za nusu lita, zikifungwa mbili kila upande, ni kilo 2 kamili, na hufanya kazi ambayo makopo makubwa ya zege hayawezi kuifanya.

Mkufunzi aseme machache. Mtu mwenye chuma mabegani hawezi kusikiliza maagizo matano. Achague kosa moja, alisahihishe kwa maneno yanayoelekeza nje ya mwili: “isukume ardhi” hueleweka kuliko “kaza misuli ya paja”. Kosa likirudi mara tatu, asipaze sauti, apunguze uzito. Wala asimfedhehe mwanafunzi mbele ya wenziwe, maana aliyeaibishwa kwa kunyanyua kidogo ndiye kesho atakayejaribu kingi pasipo mtu wa kumwangalia.

Pumzi na shinikizo la damu

Anayebana pumzi na kusukuma kwa nguvu zote hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Katika utafiti wa mwaka 1985 uliofanywa Kanada, vijana watano wenye afya na uzoefu walipimwa ndani ya mshipa wa ateri wakati wa kusukuma uzito mkubwa kwa miguu. Wastani wa kilele ulifika milimita 320 kwa 250 za zebaki. Mishipa yao ilistahimili kwa sekunde hizo chache. Mishipa ya mtu wa makamo mwenye shinikizo lisilotibiwa isitarajiwe kustahimili.

Anayeanza afundishwe kutoa pumzi wakati wa kusukuma na kuivuta wakati wa kushusha. Mwenye shinikizo linalodhibitiwa kwa dawa anaweza kunyanyua uzito mwepesi hadi wa wastani, na atanufaika. Aliyepimwa akakutwa na 180 kwa 110 au zaidi asiguse vyuma mpaka atibiwe. Jimu isiyo na kipimo imwelekeze mtu mzima apitie zahanati kwanza. Ni safari ya asubuhi moja.

Mkojo mweusi usiotokana na malaria

Sehemu hii inawahusu zaidi wahudumu wa afya. Mtu asiyezoea akifanyishwa mazoezi makali kupita kiasi, kwa mfano kuchuchumaa mamia ya mara siku ya kwanza, misuli yake yaweza kuvunjika kwa wingi na kumwaga yaliyomo ndani ya damu. Hali hiyo huitwa rabdomayolisisi. Protini ya misuli, mayoglobini, hupita kwenye figo na kuzidhuru; potasiamu hupanda na kuweza kuusimamisha moyo. Dalili huonekana siku 1 hadi 3 baadaye: maumivu yaliyozidi yale ya kawaida, misuli iliyovimba na kulegea, na mkojo wenye rangi ya chai iliyokolea.

Katika Bonde la Kilombero dalili hii ni rahisi kupotea. Ifakara ni mji uliojulikana duniani kwa utafiti wa malaria, na mhudumu anayeona mkojo mweusi hufikiri kwanza malaria kali. Akiona mwekundu, hufikiri kichocho. Ni sawa kufikiri hivyo na ni lazima kupima. Lakini palipo na malaria nyingi, kipimo kinaweza kuonyesha vimelea kwa mtu ambaye tatizo lake la leo ni jingine. Swali moja hufungua mlango: “Siku tatu zilizopita ulifanya kazi au zoezi gani ambalo hujalizoea?”

Kijiti cha kupima mkojo kikionyesha damu nyingi, ilhali darubini haionyeshi chembe nyekundu au inaonyesha chache tu, shuku misuli. Mwanzishie mgonjwa maji ya mshipani mapema, fuatilia kiasi cha mkojo, pima kreatinini na potasiamu panapowezekana, na umpe rufaa bila kukawia. Asichomwe sindano ya diklofenaki. Dawa hiyo, inayotumika sana kwa maumivu ya misuli, hupunguza damu inayofika kwenye figo wakati ambapo figo zinaihitaji zaidi. Na wewe unayefanya mazoezi: ukiona mkojo wa rangi hiyo usimeze dawa ya maumivu nyumbani, nenda kituoni siku hiyohiyo.

Joto la bondeni, upungufu wa maji, pombe na homa ya karibuni huongeza hatari hiyo. Hali kadhalika, mtu aliyerithi kinasaba kimoja cha selimundu, ingawa si mgonjwa, anaweza kuzimia au kuvunjika misuli akisukumwa kupita uwezo wake bila mapumziko. Hakatazwi mazoezi. Anahitaji kuanza taratibu, kunywa maji, na kuruhusiwa kusimama anaposema amechoka.

Mgongo unaouma

Maumivu ya kiuno ni miongoni mwa matatizo yanayowapata watu wengi zaidi: mwaka 2020 yalikadiriwa kuwapata watu milioni 619 duniani. Mengi hupona yenyewe ndani ya wiki chache. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Mgonjwa atembee, afanye kazi nyepesi, na arudi kwenye mazoezi kwa uzito mdogo. Kwa maumivu yaliyopita miezi 3, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unapendekeza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiuno kuwa tiba. Mkanda wa jimu, basi, usiuzwe kwa mgonjwa kana kwamba ni dawa.

Hata hivyo, kutokea kwa maumivu baada ya kunyanyua si uthibitisho kwamba yamesababishwa na kunyanyua. Mgonjwa anayepungua uzito, anayetoka jasho usiku, mwenye homa za jioni au pingili iliyochomoza, achunguzwe kifua kikuu cha uti wa mgongo. Anayeishi na mifugo au kunywa maziwa mabichi achunguzwe pia brusela. Na yeyote ambaye miguu imekosa nguvu, mkojo umegoma au unamtoka bila kujua, au amekufa ganzi sehemu ile inayokalia tandiko la baiskeli, ni mgonjwa wa dharura. Apelekwe siku hiyohiyo penye upasuaji au penye njia ya kumfikisha huko. Kwa wakazi wa bonde, safari hiyo aghalabu huanzia Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Saa chache zinaweza kuamua kama atatembea.

Gunia la kilo 100

Turudi ghalani. Je, yale ya jimu yanatosha kumlinda mpakiaji? La. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 na mtandao wa Cochrane hayakukuta ushahidi kwamba kuwafundisha wafanyakazi mbinu za kunyanyua, peke yake, kunapunguza maumivu ya mgongo. Sababu si ngumu kuiona. Katika jimu mtu huchagua uzito, idadi na siku ya kupumzika. Ghalani, uzito umekwisha chaguliwa na mwenye mzigo, na idadi imechaguliwa na lori.

Wakala wa Vipimo umekuwa ukisisitiza kuwa mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na kuipiga vita lumbesa. Sharti hilo limewekwa ili mkulima asipunjwe. Ni jema, lakini halikupimwa kwa mgongo wa mpakiaji. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo unaobebwa na mwanamume mzima mmoja usizidi kilo 55. Ukilinganisha namba hizi mbili, jibu hujitokeza lenyewe: gunia halali la kilo 100 ni mzigo wa watu wawili, kilo 50 kwa kila mmoja. Lumbesa inapita hata hao wawili.

Mhudumu wa afya anayemtibu mpakiaji asiishie kumwambia “usinyanyue vitu vizito”, kwani ushauri huo ni sawa na kumwambia asile. Amwulize anabeba mangapi kwa siku, na kama panaweza kupatikana mwenzake wa kushika upande wa pili, ubao wa kuteremshia gunia kutoka kwenye lori, au mkokoteni. Awaeleze pia wenye maghala: gunia la kilo 50 hubebeka na mtu mmoja, na mpakiaji asiyeumia huja kazini kesho.

Mambo ya kukumbuka

Anayeanza: anza na mpini, kisha chuma kitupu, kisha uzito, usinyanyue peke yako, kunywa maji, pumzika siku moja kati ya kipindi na kipindi, baada ya homa, rudi kwa nusu ya uzito uliouacha.

Mkufunzi: uliza kabla ya kufundisha, rekebisha kosa moja kwa wakati, kosa likirudi, punguza uzito.

Mhudumu wa afya: uliza juu ya kazi na mazoezi, mkojo mweusi si malaria peke yake, usichome diklofenaki kabla ya kuijua hali ya figo, tambua dalili za dharura za mgongo.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kijana anayeongeza kilo 2 kila baada ya wiki mbili atakuwa ameongeza zaidi ya kilo 20 kabla ya mavuno ya msimu ujao, iwapo mwili utaruhusu, naye atalifikia gunia akiwa na mgongo mzima.